Siri Iliyosimamisha Pampu

Kila siku akitoka shule, Kiherehere alipitia kazini kwa mama yake. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu tangu ajifunze kusema hakukuwa na jambo la watu wazima ambalo halikumhusu. Mama alikuwa mwendesha mitambo katika kituo cha maji cha serikali. Binti yake huyu wa miaka kumi na miwili alikaa kwenye benchi nyuma yake, akafungua daftari la hesabu, kisha akatazama ukuta.

Ukutani palikuwa na kioo kikubwa cha kompyuta kilichoonyesha mji mzima. Kila pampu ilikuwa taa ya kijani, na kila tangi mstari wa buluu uliopanda na kushuka. Alikuwa amekiona mara nyingi na bado alikishangaa. Maji aliyooga asubuhi yalikuwa yamepita pale, chini ya kidole cha mama yake.

Nyumbani hayo hayakuzungumzwa. Baba alikuwa fundi wa kompyuta katika kiwanda cha maziwa cha mtu binafsi, na kila mmoja alikuwa ameahidi kazini kwake kutunza siri. Kwa hiyo mezani waliongea habari za mvua, ndugu na viatu vya shule.

Juzi, hata hivyo, Kiherehere alirudi nyumbani mchana kuchukua daftari, akamkuta baba amechoka hoi. Mfanyakazi mmoja kiwandani alikuwa amefungua barua pepe iliyoitwa “Orodha mpya ya zamu”. Kumbe ilibeba kirusi, na mashine zikagoma. Mafundi wakazima kompyuta zote na kuziwasha upya, na hapo ndipo kirusi kikaenea kiwanda kizima.

“Bosi hataki watu wajue, wateja watatukimbia,” baba alisema. “Nimekwambia kwa kuwa umenikuta. Mama yako asisikie.”

Kiherehere akaahidi.

Sasa, pale kituoni, mwenzake mama wa meza ya jirani akasema, “Afadhali, orodha mpya ya zamu imekuja. Naomba tu nisipangiwe Jumapili.”

Kiherehere aliruka kutoka kwenye benchi, lakini kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Taa za kijani zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine. Mama akabonyeza huku na kule, pampu hazikumtii. Tangi la kilimani, lile linalopeleka maji hospitalini, lilibakiza maji ya saa mbili.

Mkuu wa kituo akaja mbio. “Zimeni kompyuta zote, tuwashe upya.”

Kwa Kiherehere, upande mmoja kulikuwa na ahadi aliyompa baba, upande wa pili wagonjwa.

“Msizime,” akasema kwa sauti ndogo. “Mkizima na kuwasha, kirusi kitaenea.”

“Wewe umejuaje?” mama akauliza.

“Baba kaniambia. Kiwandani kwao kimeingia hichohicho. Alinikataza nisiseme.”

Mama akachukua simu ampigie baba. Mkuu akaizuia kwa mkono.

“Haya ni mambo ya serikali, dada. Tukiwaambia watu wa kiwandani, kesho mji mzima utajua.”

“Mkuu, tusipowaambia, mji mzima utajua baada ya saa mbili, mabomba yakikauka.”

Mkuu akaondoa mkono.

Bosi wa kiwanda naye alisita, mpaka aliposikia neno hospitali. Baada ya robo saa baba aliingia, na bosi mwenyewe nyuma yake, jasho likimtiririka. Kwanza baba alichomoa waya wa mtandao kwenye kompyuta ambamo barua ilifunguliwa. Kisha akafungua programu ya kusafishia waliyokuwa wameitengeneza kiwandani kwa tabu.

“Nianze na ipi?” akauliza.

“Ya kilimani,” mama akajibu. “Lakini usiguse hiyo ya pembeni, itapasua bomba.”

Kiherehere hakuwahi kuwaona hivyo. Baba alikijua kirusi, mama alizijua pampu, na hakuna aliyejua vyote viwili. Walikuwa wazazi wake wale wale wa kubishania chumvi, na leo mji mzima ulikuwa mikononi mwao. Taa ya kwanza ilipowaka, sakafu ikatetemeka chini ya viatu vyake, maji yakapanda kilimani, na machozi yakamtoka kwa mshangao na furaha.

Mkuu alimgeukia bosi. “Mngetuambia juzi, tusingefika hapa.”

“Na nyinyi mngetuambia?” bosi akauliza.

“Hapana,” mkuu akakiri. “Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tuwapigie wengine mjini sasa hivi, tuwaonye.”

Wakagawana simu. Karani wa hospitali ndiye aliyepokea kwanza.

“Orodha mpya ya zamu?” akasema. “Ninayo hapa mbele yangu. Nilikuwa ndiyo naifungua.”

“Usiifungue, ifute!” mama akamwambia. Kiherehere akasogea karibu na baba yake. “Nisamehe. Nimevunja ahadi.”

“Mimi ndiye wa kuomba radhi,” baba akasema. “Siri inayomlinda mtu, itunze. Ile niliyokupa ilikuwa inalinda aibu yetu tu. Ukipewa siri ya namna hiyo, mwanangu, iseme mapema, hata kama aliyekupa ni mimi.”