Ukuta wa Mahabusu

Jua lilikuwa linazama bibi mmoja alipompelekea kaka yake chakula kwenye jengo la mahakama ya zamani. Kaka mtu ndiye mkandarasi wa ukarabati, na mume wa huyu bibi alikuwa fundi wake wa chokaa, mpaka alipotoweka. "Mumeo kakimbia na mwanamke, mdogo wangu," kaka alimwambia. "Sahau." Angesahau vipi? Majirani walikuwa wakimcheka hadi kwenye foleni ya maji.

Alimkuta kaka katika chumba cha mahabusu, chini ya tao la mawe, pale watu wa zamani walipongojea kunyongwa. Shati limelowa jasho. Alikuwa akiutazama ukuta mmoja. Chokaa yote ilikuwa nyeupe pe, ila hapo palikuwa na unyevu wa kimo cha mtu.

Na harufu...

"Mvua tu hiyo," kaka alisema upesi, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Ko. Ko. Ko.

Mafundi hugonga ukuta kwa mpini wa mwiko, kusikiliza kama ndani pana uwazi. Mumewe aligonga hivyo hata kuta za nyumbani, mpaka mkewe akamwita kigong'ota. Lakini mlio huu ulitoka ndani ya ukuta.

Mkandarasi akaanguka magotini. "Nilitoa nguzo za tao mapema... mawe yakamwangukia. Alishakufa, naapa! Wangenifunga. Nikamjengea humo humo."

Kikulacho ki nguoni mwako. Na yeye alikuwa akimpikia kila jioni! Bakuli likamponyoka. Akarudi kinyumenyume hadi nje ya mlango.

Hapo sauti ikamnong'oneza sikioni, sauti aliyoizoea kitandani.

"Mke wangu... mtoe kaka yako. Mimi nimemsamehe. Lakini humu siko peke yangu."

Ukuta wa pili ukaanza kugongwa. Kisha wa tatu.

Kisha sakafu.

"Mdogo wangu, usiniache!"

Aliwasikia vizuri, wote wawili. Akafunga mlango, akasukuma komeo.

Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa askari akaeleza mume wake alipo. Ukuta ukavunjwa, akatolewa, akazikwa kwa heshima, na majirani waliomcheka ndio waliolia kuliko wote. Mkandarasi hakuonekana. Chumba hakikuwa na dirisha, na komeo walilikuta limefungwa kwa nje. Askari wakaguna, wakasema huenda katoroka kabla.

"Tuvunje na huu wa pili, mama?" fundi aliuliza, nyundo begani. "Tuwe na uhakika tu."

Akaweka sikio kwenye mawe. Fundi alikuwa kando yake na hakusikia kitu. Yeye alisikia kucha zikikwaruza, na mtu akilia taratibu, akimwita mdogo wangu, mdogo wangu...

Akajipangusa vumbi shavuni.

"Hapana, baba," alisema. "Jengo la kale hili. Mtaliharibu bure."