Ukurasa wa Arobaini na Moja

Ujumbe uliingia saa moja na nusu asubuhi.

"Shangazi wa Handeni haoni vizuri. Mpelekee miwani."

Edna aliusoma mara moja, akaufuta. Aliacha nusu ya chapati kwenye sahani, akapanda chumbani kwake katika nyumba ya wageni ya Korogwe, akafunga mlango na kupiga namba ambayo haikuandikwa mahali popote.

"Namba Tisa hapa."

"Umeamkaje?" Ilikuwa sauti ya Mwinjuma, mkuu wake. Kwa miaka sita walizungumza karibu kila siku. Walikuwa wameonana mara mbili tu.

"Salama, mkuu."

"Kuna waraka unazunguka mashuleni na kwenye maktaba, Handeni na Korogwe. Unapiga marufuku vitabu thelathini. Eti vinaharibu maadili. Una muhuri, una sahihi, una kila kitu."

"Wa kweli?"

"Wa kughushi. Hakuna ofisi iliyoutoa. Lakini shule kumi na moja zimeshakabidhi vitabu, na hakuna hata moja iliyopiga simu kuuliza. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Saa tano Fuso inakwenda maktaba ya Handeni. Ifuate. Nataka kujua ni nani na kwa nini. Na vitabu visiungue."

"Pale maktaba yuko nani?"

"Mama mmoja, Salome. Unamfahamu?"

Edna alitazama dirishani. Chini, mtu alikuwa akiosha pikipiki, akiiimbia.

"Hapana," alisema.

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mkuu wake.

Edna halikuwa jina lake. Alipewa kazini, pamoja na bastola ya Glock 19 na sharti moja: watu wa kwao wasimjue tena. Ndugu zake waliamini yuko Oman, anafanya kazi hotelini. Kila Idi aliwapigia simu kwa namba ya huko, akawaambia kuna joto.

Aliwasha Hilux.

*

Maktaba ilikuwa na chumba kimoja kirefu na madirisha ya vioo vidogo. Harufu ilikuwa ileile.

Mama Salome alikuwa amepiga magoti sakafuni, akifunga vitabu kwa kamba ya katani. Nywele zake zote zilikuwa nyeupe sasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kusoma, umekuja siku mbaya."

"Nilipita tu. Nikusaidie kufunga?"

Edna alipiga magoti upande wa pili wa rundo. Alikuwa amevaa miwani mipana na mtandio mpaka kwenye paji la uso. Miaka kumi na saba ilikuwa imefanya sehemu kubwa ya kazi ya kumbadilisha sura.

"Umeusoma huo waraka, mama?"

"Nimeusoma. Na vitabu vyake nimevisoma. Aliyeuandika ndiye hajavisoma." Mama Salome aliinua kitabu chembamba. "Tazama hiki. Ufugaji wa nyuki. Kinamharibu nani? Nyuki?"

Edna alitaka kucheka. Alikohoa.

Mlangoni aliingia mwanamume mwenye kaunda suti, amebeba boksi. Mwalimu Adamu, mkuu wa shule ya msingi ya jirani. Aliliweka chini kama mtu anayeweka mgonjwa.

"Vya shule ni hivi, mama. Ishirini na viwili."

"Ulivisoma, mwalimu?" Mama Salome aliuliza.

"Sikuvisoma."

"Ukajuaje kwamba ni vibaya?"

"Mama Salome, barua ina muhuri. Mimi ni nani niulize muhuri?"

Alisimama kidogo, akatazama viatu vyake, akaondoka.

Mama Salome aliendelea kufunga.

"Miaka thelathini na mmoja niko hapa," alisema, kama anaziambia kamba. "Mchwa nimepambana nao. Mvua nimepambana nayo. Sasa nabeba kwa mikono yangu mwenyewe."

Edna alikuwa na kifaa mfukoni, chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Kilionesha mahali kilipo na kilisikiliza. Alikisukuma ndani ya uti wa kitabu cha nyuki, akakiweka juu kabisa ya furushi.

Alitamani kumshika yule mama mkono.

Hakumshika.

*

Fuso ilifika saa tano kamili. Dereva hakushuka. Aliyeshuka ni kijana mwenye tai nyekundu, akajitambulisha kuwa anaitwa Zaidi, afisa wa maadili. Alitabasamu, akasaini, akamwita Mama Salome "mama mzazi". Furushi la mwisho lilipopakiwa, alipanda nyuma kwenye mzigo, akateremsha turubai.

Edna alingoja dakika tatu.

Kisha Hilux ikaingia barabarani.

Nukta nyekundu ilitembea kwenye kompyuta kibao. Kilomita mbili mbele. Kijiji cha Sindeni kikapita. Edna alivaa kisikilizio.

Chwaa.

Alikunja uso.

Chwaa. Chwaa.

Zaidi alikuwa anachana. Ukurasa mmoja kila kitabu, bila shaka ule wa kwanza wenye jina na muhuri wa maktaba. Alikuwa anafuta asili ya vitabu.

Angeweza kuwapita na kuwasimamisha hapohapo. Ingemchukua nusu dakika. Lakini amri ilikuwa kujua kwa nini. Kwa hiyo aliendesha, peke yake, akisikiliza. Jua lilipiga kwenye kioo, mashamba ya mkonge yakaanza, safu baada ya safu, na sikioni mwake vitabu alivyokulia navyo vilichanwa kimoja kimoja.

Baada ya Korogwe, sauti ya kuchana ilikoma. Simu ililia upande wa pili.

"Ndiyo bosi," alisema Zaidi. "Chenye ramani nimekipata. Ninacho kotini. Nakala ya mwisho ilikuwa hapo Handeni."

Sauti ya bosi ilisikika kwa mbali, bila maneno.

"Hivyo vingine ni vya kuzugia tu. Ukikataza kimoja, watu watauliza kina nini. Ukikataza thelathini, wanaogopa hata kufungua." Alicheka. "Tanuri la matofali liko tayari Mkumbara. Saa moja kutoka sasa ni majivu. Waambie wageni wako wa kampuni, mashamba ni yao. Wale wazee wa kambi ya mkonge waliambiwa na nani kwamba walipewa? Waoneshe karatasi sasa."

Edna aliielewa hesabu yote. Alikijua hata kitabu chenyewe. *Kambi ya Nane: Watu na Mashamba Yao*. Kiliandikwa na mwalimu mstaafu, mtoto wa mkata mkonge. Kilikuwa na majina ya kila familia na ramani ya kila shamba waliloachiwa wakata mkonge, ushahidi pekee uliobaki.

Alibonyeza redio. "Tisa kwa Mombo."

"Mombo nakupata." Huyu alikuwa Sajini Iddy, askari wa barabarani wa mji ule wa mbele.

"Fuso nyeupe, turubai la kijani. Dakika kumi na mbili."

"Sababu?"

"Vitabu vya wizi."

Redio ilikwaruza.

"Vitabu?" aliuliza Iddy. "Sio bangi?"

"Vitabu, afande."

*

Mombo ilikuwa imejaa. Mabasi manne yamesimama, abiria wananunua mahindi na mishikaki. Fuso ilikuwa pembeni, turubai limefunguliwa. Zaidi alisimama mbele ya Iddy, mikono mifukoni.

"Karatasi chakavu, afande. Nimezitoa Tanga. Vitabu vya wizi vingekuwa na muhuri. Onesha muhuri hata mmoja, nijifunge pingu mwenyewe."

Iddy alifunua cha kwanza. Cha pili. Cha tano. Pale palipopaswa kuwa na muhuri palikuwa na ukingo uliochanwa tu. Alimtazama Edna akishuka kwenye Hilux, na uso wake ulisema wazi: dada, umeniponza.

Edna alisimama.

Alitazama ule ukingo uliochanwa.

Halafu alikumbuka meza. Meza ndefu, mchana wa likizo, msichana wa darasa la sita akigonga muhuri kwa nguvu zake zote. Na sauti ya Mama Salome, nywele zake zikiwa bado nyeusi: *Ukurasa wa kwanza ni kwa ajili ya wote. Wa arobaini na moja ni wetu sisi. Mwizi huchana wa kwanza, hajui huo mwingine. Usimwambie mtu.*

"Afande," alisema polepole, "fungua ukurasa wa arobaini na moja."

Iddy alilamba kidole. Akafungua.

Muhuri wa bluu. Maktaba, Handeni.

Alichukua kingine. Arobaini na moja. Bluu.

Kingine. Bluu.

"Ala," alisema Iddy taratibu. "Kumbe vimezaliwa Handeni hivi."

Tabasamu la Zaidi likaisha. Mkono wake ukatoka mfukoni na Beretta.

Edna alikuwa ameshasogea. Kushoto, kifundo cha mkono. Kulia, kiwiko. Bastola ikaanguka kwenye karai la mahindi ya kuchemsha, maji yakaruka. Zaidi akapiga goti.

"Lipia hilo hindi," mama muuza mahindi alimwambia.

Kutoka kwenye koti la Zaidi, Edna alitoa kitabu chenye jalada la kijani. Ndani ya jalada la nyuma ilibaki karatasi ya tarehe za kuazima. Aliifunua bila kufikiri.

Mstari wa mwisho, mwandiko wake wa utotoni: *Zuena Mhina, Std VI*.

Chini yake hapakuwa na jina jingine.

Miaka kumi na saba, na baada yake hakuna aliyekichukua. Angekuwepo mwingine mmoja tu, labda majina yale yangekuwa yanajulikana vichwani mwa watu, na tanuri lingechoma karatasi tupu.

Simu ilitetemeka.

"Tumemkamata bosi wake Tanga, kwa simu uliyonasa," alisema Mwinjuma. "Zile shule zinapigiwa sasa hivi. Ramani ikipigwa picha, rudisha mzigo, kisha toka mkoani. Kabla ya magharibi."

*

Saa kumi na moja Fuso, ikiendeshwa na Iddy, ilirudi nyuma mpaka mlangoni pa maktaba. Mwalimu Adamu alikuwepo. Alibeba mafurushi mengi kuliko wote. Mwishoni alikaa kwenye benchi, akafungua kitabu cha nyuki.

Mama Salome alifungua kamba moja baada ya nyingine, akizikunja. Edna aliweka kitabu cha kijani mezani.

"Basi mama, mimi naenda."

"Hukiazimi?"

"Sina kadi, mama."

Mama Salome alivuta droo. Hakuinua macho. Vidole vyake vilipita juu ya kadi za zamani, vikasimama mahali vilipopajua. Alitoa moja, iliyofifia, yenye picha ya msichana mwenye sare na masikio makubwa. Aliichomeka katikati ya kitabu, akagonga tarehe, akakisukuma mbele.

"Kadi ipo," alisema. "Na ncha za kurasa usikunje. Nilishakukataza."

Edna alifungua mdomo. Sharti lilikuwa moja tu.

Alikichukua kitabu kwa mikono miwili, akainama kidogo, akatoka.

Nje jua lilikuwa limelala juu ya mabati. Alirekebisha miwani yake, akatembea bila haraka mpaka kwenye Hilux.

"Namba Tisa," sauti ya Mwinjuma iliuliza. "Kuna mtu aliyekutambua?"

Aliwasha gari. Kitabu kilikuwa kwenye kiti cha abiria. Aliufunga mkanda wa kiti kile, kama kuna mtu.

"Hakuna, mkuu," alisema, akaingia barabarani.