Gauni la Bibi Vauquelin

Jioni ile nilikuwa nakwenda kumwomba mteja siku moja tu ya ziada.

Mimi ni mpiga pasi hapa Paris, mgongo umeshajikunja kwa kazi. Jumatatu Bibi Vauquelin alikuja mwenyewe, nywele zimelowa, na gauni lake la melimeli nyeupe, kitambaa chepesi kama utando, lile la kufungwa chini tu ya matiti. Mabibi wa hapa huvirashia vazi hilo maji kabla ya dansi ili liwagande mwilini. Na baridi yote hii.

“Nikaushie,” alinong’ona.

Nililipiga pasi siku tatu ndipo likakauka. Binti yangu Aglaé akalitamani. Tusidanganyane, wapiga pasi wote tunafanya hivyo: nguo ya mteja inavaliwa mara moja, inafuliwa, inarudi. Na dansini jioni ile angekuwepo karani mmoja aliyekuwa akimtupia macho.

“Mama, leo hachomoki,” alisema, akaondoka anacheka.

Basi nikabisha hodi kwa Bibi Vauquelin. Alifungua Zéphirine, mtumishi wake, nikaomba siku moja zaidi ya gauni.

“Gauni gani, mama?”

“La melimeli. Alilileta Jumatatu.”

Akafanya ishara ya msalaba.

“Bibi tumemzika wiki mbili sasa. Alirudi kutoka dansini kalowa, kifua kikambana... Gauni hilo nilimvika mimi, ndani ya jeneza.”

Nikanusa viganja vyangu.

Udongo mbichi.

Nilikimbia na miguu yangu hii mibovu. Aglaé alikuwa katikati ya ukumbi, mikononi mwa karani, na kila alipokanyaga aliacha maji. Gauni limemganda. Midomo myeusi.

“Mama... nasikia baridi.”

Nililichana mgongoni mbele za watu, nikamfunika shali yangu. Karani akageuka pembeni. Gauni nikalitupa mtoni.

Asubuhi lilikuwa mezani kwangu, zima, linadondosha maji. Chumbani Aglaé anakohoa damu. Sikujua la kufanya, nikafanya ninalolijua. Nikashika pasi.

Kikohozi kikatulia.

Leo ni siku ya tisa. Upande huu ukikauka, ule unalowa. Jirani ananilisha mkate nikiwa nimesimama, ananiambia nimerukwa na akili, nikalale. Nimechoka, jamani. Nimechoka hata kuogopa. Jana niliiweka pasi chini nifute jasho, mara moja tu...

Kule chumbani, alikolala Aglaé peke yake, nikasikia wanakohoa wawili.