Vidole vya Dada

Nembo ya arobaini na mbili ilikuwa na mshono ambao hakuna aliyeutaka. Aliyeugundua hakuuona, kwa sababu alikuwa kipofu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na dirisha la karakana, mkasi mdogo mkononi, akikata nyuzi zilizobaki kwenye nembo za shule na kuzipapasa moja moja, kama ilivyokuwa kazi yake, ndipo kidole chake kikasimama chini ya ngao.

"Hapa chini pana kitu," alisema. "Kama nane hivi."

Mdogo wake aliichukua nembo akaigeuza kwenye mwanga. Kweli palikuwa na nane ndogo, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, ambayo mwenye macho asingeiona hata angeivaa mwaka mzima. Akasema mashine imeruka, akaifumua kwa sindano, wala hakujiuliza ni mashine gani huruka kwa unadhifu namna ile.

Mdogo huyo wateja walimwita Mama Nembo, ingawa hakuwahi kuzaa. Kila shule ya jirani, kila kampuni ya ulinzi na kila kwaya ilibeba kifuani kazi ya karakana yake, na sifa alizipokea yeye. Michoro ilikuwa ya dada yake, aliyeichora nukta kwa nukta kwenye kompyuta kwa miaka kumi na mmoja, wakati bado anaona. Zilikuwamo ngao, tausi, vitabu vilivyofunguliwa na mawaridi ya mikono ya magauni ya harusi, michoro zaidi ya mia tatu. "Macho yangu yamo humo," dada alipenda kusema akiigonga kompyuta, tena kwa mzaha, maana hakuwa mtu wa kujihurumia.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kizee. Plastiki yake imegeuka njano, feni inakoroma, na kila asubuhi ilipowashwa ilileta ujumbe uleule kwamba mfumo umepitwa na wakati, je, usasishwe sasa? Chini palikuwa na vitufe viwili, Sasa na Baadaye. Mama Nembo alibonyeza Baadaye. Fundi kompyuta alikwishamweleza mambo yalivyo. Mfumo wa zamani haulindwi tena, siku yoyote utaanguka. Lakini ukiwekwa mpya, programu ya kudarizi haitafunguka, walioitengeneza walifunga kampuni zamani, na michoro ya dada haisomeki kwa programu nyingine yoyote. Basi mwanamke akawa katikati, mwaka wa tatu sasa, na kitufe cha Baadaye kilimfaa sana.

Siku mbili baada ya ile nane, kwenye sare za wauguzi, chini ya nembo kulitokea neno zima: 8 MACHI. Mama Nembo alifungua mchoro kwenye kompyuta. Ulikuwa safi, ngao na nyoka wake, hapakuwa na tarehe. Aliujaribu kwenye kitambaa kibovu na mashine ikaudarizi vizuri hadi mwisho, ikatulia kidogo kama mtu anayekumbuka jambo, kisha ikateremka ikashona tena 8 MACHI. Karakana ikanuka dawa ya macho, ile ya mafuta inayotoka kwenye tyubu ndogo. Alikaa chini kwenye sakafu.

Tuseme ukweli hapa, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuusema. Miaka sita nyuma dada alianza kuona duara za rangi kuzunguka taa. Hospitalini wakampima presha ya macho, wakasema apasuliwe mapema, na wakampangia siku. Wakati huo karakana ilikuwa imepata oda kubwa kuliko zote, na hakuna aliyejua kuitumia kompyuta ila dada. Mama Nembo ndiye aliyekuwa na simu iliyoandikishwa hospitalini. Tarehe nane Machi ilipokaribia, alimwambia dada kwamba wamepiga simu, wameahirisha. Wao hawakupiga. Ilipopangwa siku ya pili, alisema vivyo hivyo, na ya tatu pia. Siku oda ilipokwisha, dada aliomba ashikwe mkono kwenda chooni. Daktari aliwaambia wamechelewa, na dada alimtetea mdogo wake palepale kwa sauti ya hasira, akisema huyu amehangaika na mimi, ninyi ndio mliotuzungusha. Mama Nembo alitazama viatu vyake. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na tangu siku hiyo hamu hiyo haikuwahi kumtoka kabisa.

Ndiyo maana hakumwita mtu. Aliketi na kufumua. Lakini zilipofika nembo zenye tarehe ya pili na ya tatu, dada alikuwa ameanza kuzipokea moja kwa moja kutoka kwenye mashine, kwa vile vidole vyake vilifurahi kupata kitu cha kusoma. Siku moja mchana akauliza kwa utulivu, "Mdogo wangu, hawa wateja wanadai tarehe za nini? Hapa naona kumi na tisa Aprili. Hivi si ndizo siku zile hospitali walipotuahirisha?"

"Ni ya kufunguliwa kwa shule yao," alijibu Mama Nembo.

Kesho yake umeme ulikatika saa nane mchana, jua likiwa kali nje na mtaa mzima umenyamaza kwa joto. Dada alikuwa jikoni akiosha vyombo, sufuria zikisikika. Mama Nembo alikuwa anahesabu vibobini vya uzi aliposikia mashine inaanza, kwanza polepole, taratibu kama inavyoanza siku zote, sindano ikipanda na kushuka juu ya fremu isiyo na kitambaa, halafu kwa kasi, na waya wake ulikuwa umeninginia ukutani umechomolewa, na taa yake haikuwaka, na ile harufu ya dawa ya macho ikamjia puani nzito hata akaihisi kwenye koo, naye akageuka kuitazama kompyuta iliyozimika na kwenye kioo chake cheusi akaona kigoda cha dirishani nyuma yake kina mtu, amempa mgongo, ameinama juu ya mapaja yake akipapasa kitu kwa vidole vilivyokuwa virefu mno, virefu hadi vikajikunja mara mbili, na huku jikoni sufuria bado zinasikika, bado dada anaimba chini kwa chini, na yule kwenye kigoda akaacha kupapasa na kuanza kugeuka.

Alitoka nje bila viatu. Aliporudi na jirani, kigoda kilikuwa kitupu na fremu ilikuwa na tarehe tatu, zimeshonwa juu ya hewa, nyuzi zimesimama peke yake. Jirani alizitazama kidogo, akasema ana mboga jikoni, na hajakanyaga pale hadi leo.

Aliyekuja kumsaidia alikuwa mkunga mstaafu, bibi mzee anayejulikana kwa kuongea na majini kama karani anavyoongea na watu wa foleni, bila woga na bila subira. Alinusa karakana, akaweka kiganja juu ya kompyuta, akaiondoa haraka.

"Yumo," alisema. "Na usinitajie majirani wala wivu wa biashara. Huyu hakutumwa. Unaficha nini, mwanangu?"

Mama Nembo alisema hafichi kitu.

"Haya. Huyu hukaa ndani ya jambo lililofichwa, ndimo anamopata joto. Kompyuta ni chumba tu alichokipata karibu. Liseme hilo jambo, kwa mdomo wako, mbele ya yule unayemficha, atajiondokea. Lakini ukimvunjia chumba kabla hujasema, hatatoka mlangoni. Atahamia chumba cha pili."

"Chumba cha pili ndio kipi?"

Mkunga alitazama kigoda cha dirishani muda mrefu, akachukua mkoba wake. Alikataa hata nauli.

Jioni ileile Mama Nembo alipiga moyo konde akaenda kwa dada. Alimkuta kitandani, redio imezimwa, kitambaa cha tausi mapajani. Kilikuwa cha kwanza alichowahi kuchora, naye alikuwa anakipitishia vidole unyoya kwa unyoya. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Dada alisikia hatua zake akamsogezea nafasi.

"Unajua ninachowaza?" dada alisema. "Nawaza ningekuwa na mdogo mwingine, ningekuwa wapi leo. Nyumba nyingi mtu akipofuka anawekwa nyuma kama kiti kibovu. Wewe umenipa kazi, umenipa hizi. Michoro yangu ikiendelea kutoka kwenye ile mashine, najiona bado natazama."

Baada ya maneno hayo, nani angesema? Pengine wewe ungesema. Mama Nembo alimshika mkono, akasema chakula kiko tayari, na akala naye wakiwa wanacheka habari za mteja mmoja bahili. Alicheka vizuri.

Usingizi haukuja, na kulipokucha alikuwa ameamua. Akisema, atampoteza dada. Asiposema, jini atasema kwa uzi, na vidole vya dada vinasoma vizuri kuliko macho ya karani. Lakini kompyuta ikifutwa, jini hana chumba, dada hana ushahidi, na michoro itakufa kama kompyuta zote za kizee zinavyokufa. Maneno ya mkunga kuhusu chumba cha pili aliyasukuma pembeni. Alijiambia mkunga ni mzee, wazee hutisha watu.

Alhamisi fundi kompyuta alikuja dada akiwa amejilaza baada ya chakula cha mchana. Alikuwa kijana mwaminifu, akauliza mara mbili. "Mama, nakumbusha, michoro yote itakwenda. Nakili basi mafaili kwenye diski, hata kama hayafunguki leo. Huwezi jua."

"Futa yote," alisema Mama Nembo. "Kisha weka mpya."

"Dada mkubwa ameafiki?"

"Amesema nifanye ninavyoona."

Huo ulikuwa uongo mwingine, na ulitoka kirahisi kuliko yote. Alibonyeza kitufe cha Sasa yeye mwenyewe. Mstari wa buluu ulitambaa kutoka kushoto kwenda kulia, asilimia kumi, thelathini, hamsini. Kwenye asilimia tisini feni iliyokoroma miaka yote ilivuta pumzi ndefu kama mtu anayenyanyuka kutoka kwenye kiti, harufu ya dawa ya macho ikapita karibu na uso wake, ikatoka mlangoni, ikaingia kwenye korido ya vyumba vya kulala. Fundi hakunusa kitu. Alisema kompyuta sasa inakimbia kama mpya.

Jioni alimwambia dada kwamba kompyuta ilikufa yenyewe. Dada akasema, "Hata kizee hufa," akaomba ile tausi aishike, akalala nayo.

Asubuhi ya Ijumaa dada aliangusha kikombe. Mchana akaangusha cha pili. Alisema ana baridi vidoleni, itapita. Jumamosi aliomba kitambaa cheupe, sindano na uzi, na Mama Nembo alimletea akiwa na moyo unaodunda kwa furaha, akidhani mikono inataka kazi yake ya zamani. Alimwacha dirishani akaenda kujifunza programu mpya, ambayo ilikuwa na nembo elfu moja za watu wengine.

Aliporudi kama baada ya saa moja alisimama mlangoni. Dada alikuwa ameketi wima, uso ameuelekeza dirishani, na mikono yake ilikuwa inashona peke yake. Sindano ilipita kwa kasi na kwa mstari ulionyooka ambao hakuna mshonaji wa mkono anayeuweza, sembuse kipofu. Ilipita pia kwenye nyama ya kidole gumba, ikatoka upande wa pili na uzi wake, ikaendelea, na dada hakushtuka.

"Ni wewe?" dada aliuliza polepole. "Njoo karibu. Sitaki kupiga kelele watu wajae. Mikono hii si yangu, mdogo wangu. Tangu jana siisikii kabisa, na sasa inakwenda yenyewe. Nikijaribu kuizuia inasubiri tu nichoke."

Mama Nembo alisogea. Kitambaa kilinuka dawa ya macho. Juu yake, kwa herufi safi za mashine, zilikuwamo tarehe zote tatu, na chini ya kila moja, HAWAKUAHIRISHA. Mstari wa nne ulikuwa unaanza. ALHAMISI, uliandika. HAIKUFA YENYE.

"Zamani ningepapasa nijue," dada alisema, na kwa mara ya kwanza tangu apofuke sauti yake ilitetemeka. "Sasa hata sijui kama nimeshika kitambaa au nimeshika hewa. Nisomee wewe. Inashona nini?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yake, ule aliouonyeshwa na mkunga. Neno moja lingetosha. Mama Nembo aliufungua mdomo, akamtazama dada yake usoni, uso uliokuwa umegeuka kumsubiri.

"Maua tu, dada," alisema. "Inashona maua."

Mabega ya dada yalishuka. Polepole akatabasamu.

"Basi usiizuie," alisema. "Labda ni michoro yangu inarudi. Ni maua gani?"

Sindano ilimaliza mstari wa nne, ikashuka, ikaanza wa tano. Mama Nembo alikaa chini miguuni pa dada yake na kuanza kumtajia maua, moja baada ya jingine, na rangi zake.