Kikombe Namba Thelathini na Moja

Kila siku saa kumi na mbili jioni, baada ya chai, nilihesabu vikombe. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kubwa nikiwa kiranja wa bweni, na niliifanya kwa mbwembwe zote, mikono nyuma, kifua mbele. Wenzangu waliniita Kamanda, nami sikukasirika hata kidogo.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila msichana alikuwa na kikombe cha bati chenye namba ya kitanda chake. Aliyekuwapo alikiosha na kukifudikiza rafuni, mdomo chini. Aliyeondoka kwa ruhusa alikiacha mdomo juu. Basi mimi nilihesabu vilivyofudikizwa, nikaandika idadi kwenye daftari la Matroni, mlezi wetu, kazi ikaisha.

Likizo fupi ya katikati ya muhula ilipofika, bweni letu la vitanda arobaini lilibaki na wasichana tisa tu. Shule yetu ilikuwa ndani ya uwanja wa chuo cha ualimu cha wanawake, na katika ghorofa ya juu ya jengo letu walilala wanachuo. Nao walikuwa wametawanyika kwenda mazoezi ya kufundisha. Jengo zima lilipoa. Ukiangusha kijiko, mlio wake ulikwenda mpaka mwisho wa korido ukarudi.

Jioni ya kwanza nilihesabu vikombe kumi.

Nikarudia. Kumi. Nikahesabu wasichana: tisa, pamoja na mimi mwenyewe. Kikombe cha ziada kilikuwa namba thelathini na moja, na kilikuwa bado kinachuruzika maji. Hicho kilikuwa cha Kimya, msichana aliyeweza kumaliza wiki nzima bila kusema maneno kumi. Kimya alikuwa ameondoka mchana ule. Nilijua, kwa sababu mimi mwenyewe niliandika daftarini: "Ameondoka na mama yake mdogo."

"Nani ametumia kikombe cha Kimya?" nilimuuliza rafiki yangu, tuliyemwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Mimi nina changu," akajibu. "Labda umeanza kuona mauzauza, Kamanda."

Wote wakacheka. Nikakigeuza kile kikombe, nikaandika "tisa".

Jioni ya pili nilikikuta kimefudikizwa tena, kimelowa. Nikiwa nimekishika, tukasikia hatua juu ya dari. Hatua tatu. Zikakoma. Kisha mbili. Hata Redio alinyamaza.

"Si wanachuo wameondoka wote?" akanong'ona.

"Ni panya."

"Panya gani anavaa ndala?"

Nywele zilinisimama. Hata hivyo nilikigeuza kikombe, nikaandika "tisa".

Utauliza kwa nini sikumwambia Matroni. Kanuni ilisema kiranja amsindikize msichana mpaka getini, amwone ndugu aliyekuja kumchukua, ndipo aandike. Siku ile mimi nilikuwa nacheza netiboli. Kimya alisimama kando ya uwanja na begi lake, akasema mama yake mdogo anakuja kumchukua. "Haya, nenda, nitaandika," nikamjibu, macho yote kwenye mpira. Kama ningemwambia Matroni kuhusu kikombe, swali lake la kwanza lingekuwa, "Huyo mama mdogo ulimwona?" Na hapo beji yangu ya ukiranja ingekwenda na maji.

Siku ya tatu, mchana kweupe, tulipokuwa tunatandika vitanda, tulisikia kikohozi juu. Kilikuwa kikavu na kirefu. Wasichana wawili walikimbilia nje. Jioni kikombe kilikuwa kimefudikizwa. Nilikigeuza kwa vidole viwili, nikaandika "tisa".

Siku ya nne nikakuta vikombe tisa.

Namba thelathini na moja kilikuwa vilevile nilivyokiacha, kikavu, mdomo juu. Nilipaswa kufurahi. Hesabu ilikuwa imekubali kwa mara ya kwanza. Nikatega sikio darini. Hapakuwa na hatua wala kikohozi, na utulivu ule ulinitisha kuliko kelele zote. Mzimu hauchoki. Kama kitu kimeacha kushuka na kugeuza kikombe, basi kitu hicho ni mtu, na mtu huyo hawezi tena kushuka.

Nilikimbia hadi chumba cha Matroni. Alikuwa anapiga pasi mashuka.

"Mama, nimeandika uongo," nikasema, na yote yakanitoka pamoja na machozi. Hakunigombeza. Alichomoa pasi ukutani na kusema, "Twende."

Juu, mwisho wa ngazi, palikuwa na stoo ya magodoro ambayo haikufungwa kwa ufunguo. Kimya alikuwa amelala katikati ya magodoro, begi kichwani, midomo imepasuka, mwili unawaka moto. Pembeni palikuwa na karatasi tupu za biskuti.

"Mwanangu! Mwanangu jamani!" Matroni akambeba mgongoni. Redio alitumwa kumwita nesi, akakimbia bila kusema neno.

"Ni malaria, na mwili umekaukiwa maji," nesi alisema baada ya kumpima. "Mngengoja mpaka kesho, sijui kama tungemuwahi."

Siku mbili baadaye Kimya aliweza kuongea. Mama yake mdogo alikuwa amekosea wiki ya likizo. Kimya alimngoja kwenye benchi la getini mpaka alasiri, kisha akaona aibu kurudi bwenini. Mimi na Redio tulikuwa tumemtania sana, tukimuuliza kama huyo mama mdogo ni wa kweli au wa kuchora.

"Sasa kikombe ulikuwa unakifudikiza kwa nini?" nikamuuliza.

"Ili unihesabu," akasema. "Niliona aibu kuja mwenyewe. Nikajua Kamanda akiona kumi, atanitafuta. Kila siku nikashuka, nikakuta umekigeuza."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani.

Mkuu wa shule alinivua ukiranja asubuhi iliyofuata, na sikujitetea. Tulipotoka ofisini kwake, Matroni alinishika bega.

"Sikiliza, binti yangu. Hatukukupa uongozi ili idadi ilingane. Tulikupa watu. Ukiona kumi, andika kumi, hata kama kumi hiyo itakuumbua. Aibu yako ingekwisha kwa siku moja. Uongo wako ulikuwa unakula siku za mwenzako."

"Nimekosa, Mama. Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe. Lakini aliyelala stoo siku nne si mimi."

Nikafuta machozi, nikaenda kumwomba Kimya radhi.