Mbio na Kipenga cha Mkiani

Katika hosteli yetu kengele ya asubuhi hulia saa kumi na moja na nusu, na kuanzia hapo ni purukushani tupu. Mabafu ni manne, wasichana ni arobaini na wawili, kwa hiyo anayechelewa dakika tano huoga huku anagongewa mlango. Mimi sikuwahi kugongewa. Nilikuwa wa kwanza bafuni, wa kwanza kutandika kitanda, wa kwanza kwenye foleni ya chai, na katika mbio za mita mia mbili hakuna aliyewahi kunipita tangu nikiwa darasa la tano. Ndiyo maana wenzangu wakaniita Mbio. Nililipenda jina hilo, tena nililipenda kupita kiasi.

Siku ya kufunga shule, hakuna aliyehitaji kengele. Sita kati yetu tulikuwa tumechaguliwa kwenda matembezi ya siku tatu kando ya bahari, kwa miguu, kila mtu na shanta lake mgongoni. Kilele cha safari kilikuwa mnara wa taa, ule unaomulikia meli, na tulikuwa tumeahidiwa kuupanda hadi juu kabisa. Rafiki yangu Redio, anayelala kitanda cha chini yangu na ambaye hajawahi kunyamaza dakika mbili mfululizo, alikuwa amekwisha kutuhesabia ngazi zake mara kumi, ingawa hakuwahi kuuona.

Asubuhi hiyo Matroni alituita jikoni kupima mashanta kwenye mizani ya magunia. Ilikuwa marufuku kuzidisha kilo saba. La Kijiko, mdogo wetu mwenye tumbo lisilojua likizo, lilifika kumi. Matroni akalifungua, akatoa makopo matatu ya maziwa, pakiti nne za biskuti na chupa nzima ya asali.

"Mwanangu, unakwenda kutembea au kufungua duka?" akauliza. Tulicheka hadi mpishi akatufukuza mezani kwake.

Kisha Matroni akanigeukia. "Na wewe, zile buti mpya umezivaa kama nilivyoagiza?"

Alikuwa amesema kila mwenye viatu vipya avivae wiki mbili kabla ya safari, ili vilainike na kuzoea mguu. Zangu nilitumiwa na shangazi. Zilikuwa za kahawia, zenye kamba nyekundu, na wakati huo zilikuwa bado ndani ya boksi lake chini ya kitanda. Sikutaka zishike vumbi kabla watu hawajaziona.

"Nimezivaa kila siku, Matroni," nilijibu bila kupepesa macho.

Mwalimu wa Jiografia ndiye aliyekuwa kiongozi wetu, na Matroni alifuatana nasi kututunza. Kabla hatujatoka getini alitupanga mstari. "Kwenye safari zangu, anayetembea polepole kuliko wote anakaa mbele, na sisi tunafuata mwendo wake. Mwenye kasi kuliko wote anakaa mkiani, naye anashika kipenga. Akiona mtu anabaki nyuma, anapuliza mara tatu. Hapo kila mtu anasimama na kurudi alipo. Tumeelewana?"

Redio akawekwa mbele, akaanza kusimulia papo hapo. Mkiani, bila hata kujadiliana, nikawekwa mimi. Nilikivaa kipenga shingoni nikajiona jemadari.

Siku ya kwanza ilikuwa raha isiyosemeka. Basi lilitushusha mahali lami inapoishia, tukapita kwenye vilima vya mchanga na ghafla bahari yote ikawa mbele yetu. Kijiko alipiga kelele, na sote tukaipokea kelele yake, hata Matroni. Tuliona kaa wakikimbia upandeupande, tukaokota makombe, tukavuka kijito huku tumebeba mashanta vichwani. Upepo ulitupiga usoni na hakuna aliyelalamika. Nilijiambia kwamba nikiwa mtu mzima nitafanya kazi yoyote ile, mradi iwe ya kutembea.

Tatizo lilianza mchana. Kisigino cha kulia kilianza kuwasha, baadaye kikachoma, baadaye nikahisi kama kuna kaa la moto ndani ya soksi. Nikajikaza kisabuni. Tulipopiga kambi jioni, kabla jua halijazama, Matroni akatoa boksi lake la dawa na kutangaza ukaguzi wa miguu. Wenzangu wakanyoosha miguu yao. Mimi nilizika visigino mchangani, nikaonyesha vidole tu.

"Visigino navyo?" Matroni aliuliza.

"Vizima, Matroni. Hata havijui kama vimetembea."

Akacheka, akaendelea na mwingine. Nilipokuwa peke yangu ndani ya hema nilitazama. Lengelenge lilikuwa kubwa kama sarafu, limejaa maji. Ningeweza kumwita pale pale. Lakini nilijua kitakachofuata: Mbio angetolewa mkiani na kuwekwa mbele, mahali pa mwenye mwendo wa polepole, na hosteli nzima ingepata habari, kwa sababu Redio ni Redio. Nikavuta soksi, nikalala.

Asubuhi ya pili Mwalimu alitandaza ramani juu ya mchanga, akaweka mawe kwenye pembe zake. Mnara ulikuwa juu ya rasi, nasi tuliuona kwa mbali, mweupe, mdogo kama kipande cha chaki. Tukaanza kurukaruka.

"Tulieni kwanza," alisema. "Kuna njia mbili. Ya chini inapita mchangani, chini ya jabali refu. Ni fupi, lakini inapitika maji yakiwa yamekupwa tu. Leo yataifunga saa sita na nusu. Kutoka mwanzo wa jabali hadi mwisho wake ni mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye miguu mizima, na katikati hakuna pa kupandia. Njia ya juu inazunguka kilimani. Ni ndefu, lakini haina maji. Kwa hiyo nauliza, na ninataka ukweli. Nani ana tatizo la mguu, hata dogo?"

Kijiko aliinama kufunga kamba. Nilihisi kisigino kikipwita. Kusema neno moja tu ndiko kulikohitajika, na sikulisema.

"Basi tunapita chini," Mwalimu alisema, na wenzangu wakashangilia.

Tulifika mwanzo wa jabali saa tano na robo. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili bahari, na sisi katikati kwenye utepe wa mchanga ulioloa. Wenzangu walikuwa na furaha kama watoto wa chekechea. Kijiko alipata kiti cha pweza kwenye dimbwi, kile kiumbe cha bahari chenye umbo la nyota, mikono mitano na rangi ya chungwa. Wakakizunguka, wakakitazama, wakaendelea. Mimi nilikifikia wao wakiwa wamekwisha kuondoka. Lengelenge lilikuwa limepasuka. Kila hatua ilinitoa machozi, na kwa kuwa nilikuwa mkiani hakuna aliyeyaona. Yeyote aliyegeuka nilimpungia mkono na kutabasamu. Nilikuwa ninakufa na tai shingoni.

Umbali kati yetu ukawa hatua ishirini, kisha hamsini. Sauti ya Redio ikafifia, mstari ukapinda kona ya jabali, na nikabaki na mawimbi. Niliketi juu ya jiwe nipumue kidogo tu. Nilipoinua macho, lile dimbwi la kiti cha pweza halikuwapo tena. Maji yalikuwa yamelipita na yalikuwa yanakuja, bila haraka, yakilamba mchanga na kuacha povu karibu na buti zangu.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mtu wa kutazama kama kuna aliyebaki nyuma nilikuwa mimi, na aliyebaki nyuma nilikuwa mimi. Hakukuwa na mwingine wa kunipulizia kipenga. Kama ningeendelea kunyamaza, wangefika mwisho wa jabali na kugundua sipo, na Mwalimu angerudi kunitafuta maji yakiwa yameshajaa. Moyo ulinienda mbio kuliko nilivyowahi kukimbia mimi.

Nikapuliza. Mara moja, ya pili, ya tatu. Nikapuliza tena hadi mashavu yakauma.

Mwalimu ndiye aliyetokea kwanza konani, kofia mkononi, nyuma yake Matroni na wenzangu wote. "Nani? Nani amebaki?" aliita.

"Mimi!" nililia. "Ni mimi, Mwalimu! Nina lengelenge tangu jana. Nilisema uongo. Buti sikuzivaa hata siku moja!"

Maneno yote yalitoka kwa mkupuo, na ajabu ni kwamba nilijisikia mwepesi. Mwalimu hakunigombeza. Alitazama saa, akatazama maji, akatazama mguu wangu. "Kwenda mbele kwa mwendo wako hatuwahi. Tunarudi tulikoingilia. Sote, sasa hivi."

"Leta shanta," Matroni alisema, akalivaa kifuani, lake likiwa mgongoni bado. Redio alinishika mkono wa kulia, Kijiko wa kushoto. Tuliondoka tukichechemea watu watatu kwa miguu mitano. Karibu na mwanzo wa jabali palikuwa na bonde dogo mchangani, na maji yalikuwa yameshalijaza. Mwalimu aliingia kwanza. Yakamfika magotini. "Shikaneni! Anayeachia mkono ataosha vyombo mwaka mzima!" alipaza sauti. Wimbi likaja, likatupiga mapajani, Kijiko akapiga ukelele, Redio akaanza kuimba, na tukavuka tukiwa tunaimba, tumelowa, hofu na kicheko vimechanganyika mpaka huwezi kujua kipi ni kipi.

Kwenye nchi kavu Matroni aliniosha kisigino, akakifunga, akanivisha kandambili zangu juu ya soksi nene. Kisha Mwalimu akanyoosha kidole mbele ya mstari.

"Mbio, nafasi yako ni hii."

Nilitarajia wacheke. Redio alinipisha, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hapa mbele ni pazuri. Unaona kila kitu kabla ya wengine." Ilikuwa kweli. Njia ya juu ilipita kwenye nyasi ndefu na maua ya njano, na mimi ndiye niliyewaona ndege weupe wakiruka kutoka ukingoni, mimi ndiye niliyeuona mnara ukikua kila tulipopanda, hadi ukawa mrefu kuliko jengo lolote la shule yetu. Nilipaza sauti kila mara, na wenzangu wakajibu kwa vifijo.

Tulifika saa kumi na nusu. Kibao mlangoni kilisema wageni mwisho saa kumi. Lakini mtunza taa, mzee mwenye ovaroli ya bluu na darubini shingoni, alikuwa amesimama nje.

"Shikamoo, baba," tulimwamkia kwa pamoja.

"Marahaba. Mko wanane?" Alituhesabu kwa kidole, mmoja mmoja. "Wanane. Haya, pandeni. Sijafunga. Ningefungaje?"

Tulipanda ngazi mia moja na arobaini na nne. Redio alikosea kwa themanini. Juu, upepo ulikuwa mkali na bahari haikuwa na mwisho, na tulishangilia hadi koo zikakauka. Mtunza taa alinishika bega, akanipa darubini. "Tazama chini ya jabali."

Nilitazama. Nilitafuta mchanga, nikatafuta jiwe nililoketi. Hapakuwa na kitu. Maji mazito ya kijani yalikuwa yakipanda ukuta na kurushwa juu, meupe.

"Asubuhi niliwaona saba pamoja na mmoja nyuma, peke yake, ameketi," alisema. "Tayari nilikuwa nimeshika simu niwaite watu wa boti. Ndipo upepo ukaniletea sauti ya kipenga, nikawaona wale saba wakirudi."

Nilimrudishia darubini, nikamgeukia Matroni na kusema yale ambayo sikuwa nimeyasema vizuri kule chini. "Nisamehe, Matroni. Nilikudanganya mara mbili. Na wewe Mwalimu, uliuliza nikanyamaza."

Matroni alinivuta ubavuni mwake. "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini sikiliza, nanyi wote sikilizeni. Lengelenge si kosa. Kutembea polepole si kosa. Mtu akiugua au akichoka, sisi tuna njia nyingine, tuna dawa, tuna mikono ya kumshika. Lakini njia hiyo tunaichagua kwa kutumia yale mnayotuambia. Ukituficha ukweli, unatutuma sote mahali pasipopitika, na sisi tunakwenda kwa sababu tunakuamini. Siku nyingine ikikuuma, sema inauma, hata kama jina lako ni Mbio."

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Matroni," Kijiko akasema polepole, "mimi tumbo linaniuma tangu asubuhi. Ile asali... niliirudisha kwenye shanta ulipogeuka. Nimeimaliza."

"Na mimi bega limechubuka," Redio akadakia, "halafu jana kwenye ukaguzi nilisema mimi mzima, lakini jicho hili lina mchanga, na pia..."

Mwalimu aliangua kicheko. Matroni akaketi sakafuni papo hapo, chini ya ile taa kubwa, akafungua boksi la dawa.

"Haya, kliniki iko wazi," alisema. "Pangeni foleni, na kila mtu aseme kila kitu."

Tukapanga foleni, sote sita. Mwalimu naye akavua kofia, akakohoa kidogo, akaja kusimama nyuma yetu.