Nyumba Isiyo na Tambuu

Rewati alipika wali mpaka ukarojeka kama uji. Akatia dengu na chumvi kidogo. Pilipili hakutia. Akauponda, akauchuja kwa kitambaa, akaupoza kwa kuupepea. Kisha akaupeleka barazani alikokaa baba yake.

"Baba, chakula."

Mzee Tankeswar alilitazama bakuli, kisha akaitazama njia. Alikuwa mtu mwembamba, na kovu refu lilishuka kutoka chini ya sikio lake mpaka shingoni. Akala vijiko vichache, kisha akalisukuma bakuli.

"Ongeza kidogo tu, baba."

Mzee akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa njiani. Njia ilikuwa tope tupu, na haikuwa na mtu.

Mbele ya nyumba ilisimama mipopoo, mirefu na myembamba, na mitambuu imejisokota juu yake. Hapa kwetu, jimbo la Assam, karibu kila nyumba kijijini ina miti hiyo. Unakata popoo, unapaka chokaa kwenye jani la tambuu, wengine huongeza tumbaku, unakunja, unatia shavuni. Mzee Tankeswar alifanya hivyo tangu ujana wake, kutwa kucha, na hakuna aliyemwambia aache. Nani angemwambia, na kila mtu mdomo umemjaa?

Kwanza lilitokea doa jeupe ubavuni mwa ulimi. Halikumuuma, akalipuuza. Kisha likawa kidonda, akakipaka asali na manjano. Miezi ikapita. Alipofika hospitali ya saratani mjini Guwahati, madaktari walilazimika kumkata nusu ya ulimi na kumtoa tezi za shingo. Pengo wakaliziba kwa nyama ya mkono wake mwenyewe. Sasa alikuwa amerudi nyumbani. Aliweza kusema, lakini maneno yalitoka yamepondeka, na Rewati peke yake ndiye aliyeyaelewa.

Kwa kila kitu Rewati alikuwa peke yake. Mama yake alikufa zamani. Kaka yake alifanya kazi Bengaluru, mbali sana, na alipiga simu kila Jumapili.

"Baba anaendeleaje?"

"Tunaendelea vizuri."

"Haya, dada, jikaze."

Simu ikakatika. Mazungumzo yao yalikuwa hayo tu, wiki baada ya wiki.

Majirani nao hawakuja. Hapo ndipo Rewati alipoumia zaidi. Mzee Tankeswar alikuwa mtu wa watu, na baraza lake halikukosa wageni. Sasa watu walipita njiani wakiharakisha, kama mtu anayepita kwa mtu anayemdai.

Tuseme ukweli, Rewati naye alikuwa amefanya jambo. Siku waliyorudi kutoka hospitali, alikusanya popoo zote, majani yote na kopo la chokaa, akavitupa kichakani. Hata bota, lile sinia dogo la shaba lenye mguu ambalo juu yake wageni huandaliwa tambuu, akalitia uvunguni. Na kwetu mgeni hupewa tambuu kabla ya kuulizwa habari. Ukimwalika mtu arusini, unampelekea tambuu. Ukimkosea, unaweka tambuu mbele yake, unapiga magoti, naye anasamehe. Mgeni asipopewa, anajua amefukuzwa.

Wa kwanza kuja alikuwa Bhogeswar, rafiki wa baba yake tangu utotoni. Rewati alimpa chai. Bhogeswar akanywa, akakaa, akangoja. Akatazama mlango wa jikoni. Akamtazama Tankeswar shingoni, akainamisha macho. Mwishowe akainuka.

"Haya. Naona nyumba hii siku hizi haina nafasi ya mgeni," alisema, akaenda zake.

Habari zikaenea kabla jua halijazama. Binti wa Tankeswar kafukuza watu. Wengine wakaongeza lao, kwamba ugonjwa ule unaambukiza, ndiyo maana binti hataki watu wakaribie. Rewati aliyasikia. Akasema moyoni, "Basi wakae huko huko." Alikuwa na haki ya kukasirika, lakini hasira haimfariji mtu.

Na wakati ulikuwa unakimbia. Kabla hawajaondoka hospitali, daktari alimwita Rewati pembeni.

"Saratani tuliyoiona tumeitoa," daktari alisema. "Lakini ilikuwa imeshaingia kwenye tezi. Lazima apate mionzi, na aanze ndani ya wiki chache hizi. Akichelewa, inaweza kurudi upesi."

"Akipata hiyo mionzi atapona, daktari?"

"Atakuwa na nafasi nzuri zaidi. Kukuahidi kwamba atapona, siwezi."

Rewati hakumwambia baba yake maneno hayo. Hakuwahi hata kulitaja neno saratani mbele yake. Kwetu mgonjwa hufichwa jina la ugonjwa wake, tukidhani tunamhurumia. Alimwambia tu, "Wanataka kukikausha kidonda kwa mashine."

"Siendi," alijibu mzee.

Alimwomba jana, akamwomba leo. Jibu lilikuwa lile lile. Asubuhi hiyo, bakuli likiwa bado limejaa, mzee alisema maneno mengi kuliko siku zote, polepole, huku akifuta mate kwa kitambaa.

"Mtu akifa, watu huja. Mimi sijafa, na hawaji. Sasa mimi ni nini? Niache, mwanangu. Siendi popote."

Rewati alichukua bakuli, akaenda nyuma ya jiko. Aliuma upindo wa nguo yake ili baba asisikie, akalia. Alitamani mama yake angekuwapo. Alitamani hata mtu yeyote tu.

"Hodi! Jamani, tope la kwenu linakula viatu!"

Alikuwa Labanya, mhudumu wa afya wa kijiji. Ndala zake alizishika mkononi. Rewati alifuta macho haraka, akamwekea kiti na chai.

"Tambuu sina," Rewati alisema, kidevu juu.

"Nimekuomba?" Labanya alijibu. "Keti kwanza, mdogo wangu. Macho yako mekundu, na moshi sioni."

Basi Rewati akamwaga yote, ya Bhogeswar, ya mionzi, ya majirani. Labanya alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwanza, saratani haiambukizi," alisema. "Si kwa kula pamoja, si kwa kushikana mikono. Hilo nitalisema mimi nyumba kwa nyumba. Pili, kutupa popoo ulifanya vyema. Watu hudhani tumbaku peke yake ndiyo mbaya. Popoo yenyewe huleta saratani ya kinywa, hata bila tumbaku."

"Kwa hiyo sikukosea?"

"Kwa popoo hukukosea. Kwa watu, ulikosea kidogo. Ulimwambia Bhogeswar kwa nini humpi?"

"Haoni mwenyewe? Baba amekatwa ulimi!"

"Mtu aliyezoea haoni. Lazima aambiwe."

Rewati akasema, "Hata nikitaka kumwomba radhi, nitaombaje? Radhi yetu ni tambuu. Nimpelekee kitu kilichomla baba?"

"Wewe unapoomba radhi, unaomba kwa popoo au kwa magoti?"

Rewati akalikumbuka bota lililokuwa uvunguni.

"Weka iliki kwenye bota. Weka vitumbua vyako vya ufuta. Funika kwa kitambaa safi cha gamosa. Heshima ni kumwendea mtu na kuinama. Kinachotafunwa tunaweza kukibadili."

"Na baba? Hataki mionzi."

"Anajua ana ugonjwa gani?"

"Nimemwambia ni kidonda."

"Basi unamtaka akubali dawa kali kwa sababu ya kidonda! Hata mimi ningekataa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mwambie."

"Nimwambie nini, dada? Daktari mwenyewe hajui kama atapona!"

"Mwambie hivyo hivyo. Kwamba hajui. Kutojua si sawa na hakuna tumaini. Mwambie mionzi itamkausha kinywa na kumchosha, kisha uchovu utapungua. Mwambie atapimwa mara kwa mara, hasa miaka hii ya kwanza, na likitokea jipya lionekane mapema. Na wewe acha kumwambia kaka yako mnaendelea vizuri. Mnaendelea vizuri wapi?"

Rewati akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko kilichochanganyika na kamasi.

Labanya alipoondoka, Rewati aliketi sakafuni miguuni mwa baba yake.

"Baba, nilikudanganya. Ni saratani."

Mzee aliyaondoa macho njiani, akamtazama.

"Najua," alisema. "Nani anakatwa nusu ya ulimi kwa kidonda? Nilinyamaza ili usiogope."

Kumbe kila mmoja alikuwa amekaa na hofu yake, chini ya paa moja. Rewati alimweleza kila alichosema daktari, na kile asichokijua. Mzee hakulia. Aliuliza kitu kimoja.

"Bhogeswar haji kwa sababu ya ugonjwa?"

"Haji kwa sababu yangu. Sikumletea bota."

"Bhogeswar? Hukumpa bota?" Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Rewati alidhani analia. Alikuwa anacheka. "Huyo! Hata msibani hula tambuu kabla ya kutoa pole! Nenda kamwite."

Alasiri Rewati alivaa nguo nzuri. Akaliosha bota kwa ndimu na majivu. Akaweka iliki na vitumbua vya ufuta, akafunika kwa gamosa, kitambaa cheupe chenye maua mekundu. Akapita katikati ya kijiji, watu wakimwangalia.

Bhogeswar alikuwa uani, anasuka tenga. Rewati akaweka bota mbele yake, akapiga magoti, akainamisha kichwa mpaka chini.

"Baba mdogo, nilikukosea. Nisamehe."

Bhogeswar akafunua gamosa. Akapekua vitumbua kwa kidole.

"Tambuu iko wapi?"

"Tambuu imemla baba ulimi. Nikikupa wewe, nitakuwa nimekuchukia. Ndiyo maana siku ile sikukupa. Nilipaswa kusema, nikanyamaza."

Shavu la kulia la Bhogeswar lilikuwa limetuna kama kawaida. Kisha akageuka, akatema nyuma ya ua, akasukutua kwa maji ya mtungi.

"Si bota tu lililofanya nisirudi," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimwona shingoni. Nikaogopa. Binti yangu, mimi mwezi wa pili huu siwezi kula pilipili. Shavu linawaka moto. Mke wangu anadhani nimeanza kuringa. Na mdomo siku hizi haufunguki wote. Hebu tazama."

Akafungua kinywa. Ndani ya shavu kulikuwa na doa jeupe, kubwa kama kucha.

Rewati aliliona doa hilo. Alilijua. Aliwahi kuliona kwenye ulimi wa baba yake, naye hakusema kitu.

"Baba mdogo, doa jeupe au jekundu, kidonda kisichopona wiki mbili, mdomo kutofunguka, uvimbe shingoni, vyote hivyo ni vya kupeleka hospitali. Mapema, hata kama haviumi. Baba anakwenda Guwahati wiki hii. Twende pamoja."

"Tankeswar amekubali kwenda?"

"Ukija wewe, atakubali."

Bhogeswar alikula kitumbua kimoja cha ufuta, akafuta vidole. "Kinakwama kwenye meno," alinung'unika. "Haya. Twende nikamwone huyo ndugu yangu."

Mimi jirani yao sikuyasikia maneno yao barazani jioni ile. Nilipopita njiani niliona tu wazee wawili wameketi, mmoja anasema vibaya na mwingine anauliza, "Nini? Sema tena," bila kuchoka. Kesho yake walikuja wengine wawili. Waliletewa iliki. Mmoja alinuna, lakini alikaa.

Rewati alimpigia kaka yake simu bila kungoja Jumapili. "Siwezi peke yangu," alimwambia. Kaka yake akauliza mionzi inaanza lini. Akaomba likizo, akaja.

Mionzi ilikuwa migumu. Kinywa cha mzee kilichubuka, chakula kikakosa ladha, na kuna siku alilala ameukabili ukuta asitake kuona mtu. Rewati na kaka yake walipeana zamu. Mhudumu wa hospitali aliwafundisha mazoezi ya kufungua kinywa, ya bega na ya kumeza. Bhogeswar naye alipimwa. Doa lake halikuwa saratani bado. Aliambiwa aache popoo kabisa na awe anarudi kupimwa. Aliacha, akaanza tena, Rewati akamfokea, akaacha.

Miezi ilipita, ikafika siku ya kurudi hospitali. Daktari alimulika kinywa cha mzee, akambonyeza shingo upande huu na upande ule. Rewati alisimama ukutani.

Mzee akauliza mwenyewe, polepole, neno moja moja. "Nitaishi?"

Rewati alitaka kumtafsiria, lakini daktari alikuwa ameelewa.

"Leo sioni kitu kibaya," alisema. "Ya mbele sijui, mzee wangu, na sitakudanganya. Rudi mwezi ujao tutazame tena."

Ni hivyo tu. Rewati alikuwa amesafiri usiku kucha kwa ajili ya jibu, na jibu lilikuwa mwezi mmoja. Alijua kwamba mwezi ujao atasimama tena kwenye ukuta huu huu, na ule utakaofuata.

Mzee Tankeswar alifunga vifungo vya shati lake, akainuka, akamshika binti yake mkono.

"Twende," alisema. "Mwamshe Bhogeswar huko nje. Nina njaa."